Kupuliza mashine au kupuliza kibomba: kipimo kipi cha pumzi kinakufaa?

Kwetu Igogo, Mwanza, chini ya mawe, kuna vifua viwili vinavyobana katika nyumba moja. Shangazi ana miaka 58. Amebanika samaki kwenye chanja kwa zaidi ya miaka 20, na siku hizi akipanda ngazi za mawe kutoka barabarani hadi nyumbani anasimama mara tatu, ndoo mkononi, akijifanya anasalimia watu. Mwanawe wa mwisho, yaani binamu yangu, ana miaka 26 na anaendesha bodaboda kati ya Buzuruga na mjini. Mchana hana neno. Ikifika saa tisa usiku anaamka amekaa kitako kitandani, kifua kinalia filimbi.

Kila mmoja alikwenda kwa daktari wake, na kila mmoja akaambiwa maneno yaleyale: "Kapime mapafu." Shangazi akaingizwa kwenye chumba chenye kompyuta, akapuliza hadi akaona nyota. Binamu akapewa kibomba cha plastiki kwenye mfuko, pamoja na karatasi ya kujaza nyumbani. Jioni ile sebule haikukalika. Shangazi aliona mwanawe amepunjwa, kapewa mdoli wakati yeye kapimwa na mashine ya maana. Binamu naye aliona mama yake kachoshwa bure kwa jambo ambalo kibomba kingelimaliza kwa pumzi moja.

Niliwasindikiza wote wawili, na tangu siku ile majirani wameniuliza mno kipi ni bora. Mimi huwauliza kwanza: wewe unataka kujua nini? Mashine hujibu swali la "nina ugonjwa wa namna gani, na umefika wapi?" Kibomba hujibu swali la "leo nikoje, nikijilinganisha na jana?" Ukikosea swali, hata kipimo cha ghali hakikusaidii.

Dumu la maji

Chukua dumu la lita 20 lililojaa, ulipindue ghafla. Kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni ule mruko wa mwanzo, maji yanapotoka kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote. La pili ni kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza. La tatu ni maji yote, hadi tone la mwisho.

Kibomba, ambacho wahudumu wengi hukiita pikifloo, hutazama lile la kwanza tu: kasi ya juu kabisa ya pumzi yako, ikiandikwa kwa lita kwa dakika. Mashine, yaani spirometa, hutazama yote matatu na kukuchorea mchoro. Kwenye karatasi yake utaona herufi FEV1, ambayo ni hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, na FVC, ambayo ni hewa yote uliyoweza kuitoa kwa nguvu baada ya kujaza kifua.

Sasa fikiria madumu mawili mabovu. Moja ni kubwa lakini mdomo wake umezibwa nusu na kitambaa: maji yamo, ila yanatoka kwa taabu. Hiyo ndiyo pumu, na ndiyo pia hali ya mtu aliyekula moshi miaka mingi, njia zake za hewa zikawa nyembamba. La pili mdomo uko wazi, ila dumu lenyewe ni dogo: maji yanatoka haraka na kwisha haraka. Hilo ni pafu lililosinyaa au lenye makovu, kwa mfano baada ya kifua kikuu kikali au vumbi la mawe la miaka. Spirometa huyatenganisha madumu haya mawili kwa kugawa FEV1 kwa FVC. Kibomba hakiwezi. Chenyewe kinaona maji ni machache tu, hakijui kosa ni la mdomo au la dumu. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana ugonjwa gani asianze na kibomba peke yake pale mashine inapopatikana.

Siku ya mashine

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoingia na hofu na kutoka na majibu mabovu. Kipimo hiki hakina sindano wala mionzi. Lakini ni tofauti na kupima damu: damu hutoka yenyewe hata ukiwa umenuna, pumzi ni lazima uifanyie kazi. Ukipuliza kwa kujihurumia, mashine itaandika ugonjwa usio nao.

Maandalizi huanza usiku. Ukitumia pampu ya salbutamoli, ile ya kufungua kifua haraka, kwa kawaida utaambiwa usiivute kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na zile za kufungua kifua kwa muda mrefu uziache kwa saa 24 au zaidi. Usijiamulie mwenyewe; muulize anayekupa tarehe. Na kifua kikikubana njiani, vuta dawa yako, kisha uwaambie ulivuta saa ngapi. Hakuna kipimo chenye thamani ya kukufia ndani ya daladala. Sigara iache angalau saa moja kabla, pombe saa 8. Usile ukashiba ndi. Usivae kilichokubana kifua au tumbo. Shangazi alikuja amejifunga kanga kiunoni kwa kukaza, akaambiwa ailegeze. Mazoezi mazito nayo hayatakiwi katika saa ya mwisho, na kwa jiji letu hili la vilima neno hilo lina uzito: kama umepewa rufaa ya hospitali ya Bugando, usipande kile kilima kwa miguu ili kuokoa nauli, ukaingia chumbani unahema. Fika mapema, ukae.

Nenda haja ndogo kabla ya kuingia. Kina mama waliozaa wanaelewa kwa nini. Kupuliza kwa nguvu kunaweza kuvujisha mkojo, na ukiwa na wasiwasi huo hutapuliza kwa moyo wote. Hili hakuna aliyemwambia shangazi, aliligundua katikati ya kipimo.

Ndani, mhudumu atakupima urefu bila viatu, atauliza umri, na ataingiza jinsia yako. Kompyuta haijui wewe ni nani. Inalinganisha pumzi yako na ya watu wenye urefu, umri na jinsia kama yako. Mchezo huu wa kulinganisha ulianza zamani. Daktari wa London, John Hutchinson, ndiye aliyeeleza spirometa yake mwaka 1846 baada ya kupima watu zaidi ya 2,000, na akaona kwamba kadiri mtu alivyo mrefu ndivyo pumzi yake inavyokuwa kubwa. Mashine nyingine huuliza pia asili yako. Hapo pana historia chungu: mwaka 1851 daktari wa Marekani aliyetetea utumwa, Samuel Cartwright, alitumia spirometa kudai kuwa mapafu ya watu weusi ni pungufu kwa asili, na kivuli cha dai hilo kilibaki ndani ya mahesabu ya mashine kwa muda mrefu, kikishusha kile kinachoitwa kawaida kwa mtu mweusi. Mwaka 2022 yalitoka mahesabu mapya yasiyouliza rangi. Kwako wewe mgonjwa jambo la kushika ni moja: kipimo cha mwakani kifanywe kwa mahesabu yaleyale ya mwaka huu, vinginevyo asilimia zako zinaweza kupanda au kushuka bila mapafu kubadilika hata chembe.

Utakaa kwenye kiti, mgongo wima, miguu chini. Pua itabanwa kwa kibanio. Utapewa kipande kipya cha kuweka mdomoni; kama hakikufunguliwa mbele yako, una haki ya kuuliza. Meno ya bandia, kama hayachezi, yaache, yanasaidia midomo kufunga vizuri. Kisha kelele zinaanza.

"Shikamoo mama. Sasa vuta hewa, jaza, jaza, jaza mpaka pasiwe na nafasi. Haya, puliza! Puliza, puliza, puliza! Endelea mama, bado ipo, endelea, endelea, kamua!"

Shangazi alisimamisha kupuliza akamtazama mhudumu. "Mwanangu, mbona unanifokea?"

Hakuwa anamfokea. Kelele ni sehemu ya kipimo. Bila mtu wa kukuhimiza, karibu kila mmoja huachia baada ya sekunde mbili tatu akidhani hewa imeisha, kumbe dumu bado lina robo. Wanataka uendelee hadi mstari kwenye kioo ulale kabisa, na kwa mwenye njia nyembamba hiyo inaweza kufika sekunde 15. Utasikia kichwa chepesi, unaweza kukohoa, macho yatatoa machozi. Pumzika, unywe maji, urudie. Zinatakiwa pumzi tatu nzuri, na mbili zilizo bora zisitofautiane kwa zaidi ya mililita 150. Zisipofanana, utaendelea kupuliza, kwa kawaida hadi mara nane, kisha wanakuachia upumzike au urudi siku nyingine.

Makosa niliyoyaona siku ile, kwa shangazi na kwa waliomtangulia: kusita mwanzoni kama mtu anayejaribu maji ya ziwa kwa kidole; kuvimbisha mashavu kama mpuliza puto; kuacha upenyo pembeni mwa midomo; ulimi kuziba bomba. Mpuliza moto wa chanja ana mazoea ya pumzi fupi fupi, na shangazi alihangaika kuyaacha. Ya tano ndiyo iliyokubali.

Halafu, nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye thamani. Unavutishwa salbutamoli, mara nyingi mivuto minne kupitia chupa maalumu, unasubiri dakika 15 hivi, moyo ukienda mbio kidogo na vidole vikitetemeka, kisha unapuliza upya. Kituo cha kwanza tulichokwenda, ambacho sitakitaja, kilimpulizisha bila dawa, kikatupa karatasi na kutuaga. Daktari alipoiona akatikisa kichwa: njia ni nyembamba, sawa, lakini je, zinafunguka? Bila nusu ya pili hakuna ajuaye. Tukalipa mara mbili. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza na hili: "Mnapima kabla na baada ya dawa?" Na uulize kama bima yako inagharamia, na kama vipande vya mdomoni vipo, maana mashine nzima bila vipande ni pambo.

Karatasi ya shangazi ya mara ya pili ilisomeka hivi. Kabla ya dawa, FEV1 lita 1.32 na FVC lita 2.40. Gawanya, unapata 0.55. Baada ya dawa, 1.40 kwa 2.42, yaani 0.58. Iliyo chini ya 0.70 baada ya dawa, kwa mtu mwenye dalili na historia ya moshi, ndiyo huashiria ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao kwenye cheti utauona kwa herufi COPD. Dawa ilimwongezea mililita 80 tu, wakati kwa pumu isiyo na ubishi tungetarajia mruko mkubwa zaidi. Kigezo kilichotumika miaka mingi ni ongezeko la asilimia 12 na mililita 200 kwa pamoja. FEV1 yake ilikuwa asilimia 68 ya kinachotarajiwa kwa mwanamke wa umri na urefu wake, hivyo akawekwa daraja la pili kati ya manne. Hajawahi kuvuta sigara maishani. Ni kuni.

Kibomba

Hiki hakihitaji maneno mengi, na huo ndio uzuri wake. Mwingereza Martin Wright alitoa kipima-kasi chake mwaka 1959, kikubwa kama saa ya ukutani. Baadaye kikapunguzwa hadi hiki cha mkononi kisichotumia betri wala umeme. Luku ikiisha, chenyewe kinapima.

Simama. Rudisha mshale sifuri. Jaza kifua, funga midomo, puliza pumzi moja fupi ya nguvu, kama unayezima mshumaa ulio ng'ambo ya meza. Usiendelee kukamua, huku mwisho wa pumzi hauhesabiwi. Angalia kidole chako kisizuie mshale. Rudia mara tatu, andika kubwa kuliko zote, usitafute wastani. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni, kwa wiki mbili.

Binamu alikuwa anaandika 360 asubuhi na 460 jioni, siku nyingine mbaya zaidi, siku nyingine afadhali. Chukua tofauti, 100, uigawe kwa wastani wa siku hiyo, 410: karibu asilimia 24. Kwa mtu mzima, kuyumba kwa zaidi ya asilimia 10 kwa wastani wa wiki mbili tayari kunaelekeza kwenye pumu. Kwa mtoto ni zaidi ya 13. Kifua cha shangazi ni kibaya kila siku kwa namna ileile. Cha mwanawe kinapanda na kushuka kama bei ya dagaa.

Na hapa ndipo kibomba kinapoishinda mashine. Mwulize mvuvi wa dagaa kuhusu kazi yake siku ya mbalamwezi, atakuambia hakuna kitu, nyavu zimeanikwa. Mwulize usiku wa giza, utaona taa zimejaa ziwani kama mji. Pumu nayo ina mbalamwezi yake. Mgonjwa anaweza kwenda kwenye spirometa saa nne asubuhi siku njema, akapuliza vizuri, akaandikiwa "kawaida", na saa tisa usiku akaamka anatafuta dirisha. Spirometri ya kawaida haifuti pumu. Binamu alipimwa kwa mashine miezi miwili baadaye, ikatoka safi kabisa, akaja anacheka kwamba amepona. Daftari lake ndilo lililomnyamazisha. Ndani yake alikuwa ameandika pia pembeni, kwa mwandiko wake mbaya: vumbi la Nyakato, mafua, siku wadudu wa ziwani walipoingia mjini kama wingu. Mashine haikuwapo siku ile.

Baada ya ugonjwa kujulikana, kibomba hugeuka kuwa mlinzi. Namba yake bora ilikuwa 480. Asilimia 80 ya hiyo ni 384: juu ya hapo ni kijani, fanya kazi. Kati ya 384 na 240 ni njano, fuata maelekezo ya kuongeza dawa uliyoandikiwa. Chini ya 240, nusu ya bora yake, ni nyekundu: vuta dawa ya kufungua kifua na uende hospitali saa hiyohiyo, usisubiri pakuche. Namba hizo ni zake. Usikope za jirani.

Ubaya wake? Kibomba kinamwamini mtu. Hakuna anayekupigia kelele, ukipuliza kivivu kinaandika uvivu, na ukitunga namba kwa kalamu siku ya kwenda kliniki, kama nilivyomkuta mtu fulani akifanya nyuma ya pikipiki yake, hakina pa kulalamika. Tena vibomba vya aina tofauti havisomi sawasawa. Mizani zake zilibadilishwa miaka ya 2000, na vya zamani bado vinazunguka. Chagua kimoja, ukae nacho, na kisibadilishane midomo nyumba nzima. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke.

Nani achague nini

Mama wa chanja, mama lishe wa kuni na mkaa, mvuta tumbaku wa miaka, mwenye zaidi ya miaka 40 anayeachwa nyuma kwenye vilima vya Mabatini na Bugarika na watu wa rika lake: mashine, kabla na baada ya dawa. Kibomba kitakuambia tu kwamba uko chini, na hilo unalijua.

Kijana au mtoto ambaye kifua kinakuja na kuondoka, hasa usiku na alfajiri: mashine kama unaifikia, lakini usikubali jibu lake moja likufungie mjadala. Daftari la kibomba la wiki mbili lina uzito uleule au zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano hivi kwa kawaida hawezi chochote kati ya hivi viwili. Huyo daktari atategemea historia na sikio lake.

Mponda kokoto, na kijana anayekwenda Geita kusaga mawe ya dhahabu: mashine, tena irudiwe kila mwaka, pamoja na picha ya kifua. Vumbi la mawe linasinyaza dumu polepole, na namba ya mwaka mmoja peke yake haikuonyeshi mteremko. Anayefanya kazi kwenye vinu vya kuchambulia pamba (na huu ni mji ambao hata timu yake ya mpira inaitwa Pamba) ana jambo lake la kipekee: kifua hubana zaidi siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Huyu apulize kibomba kabla ya zamu na baada ya zamu, Jumatatu na siku nyingine, kisha ampelekee daktari namba hizo. Mashine ya saa nne asubuhi hospitalini haitaiona Jumatatu yake.

Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au damu kwenye makohozi: si mashine, si kibomba. Kipimo cha makohozi kwanza. Huduma ya kifua kikuu kwenye vituo vya serikali haitozwi hela, na kupuliza kwa nguvu ndani ya chumba kilichofungwa ukiwa na kifua kikuu ni kuwagawia wengine. Ukishamaliza dawa zako za miezi sita na bado unahema, hapo ndipo mashine inakuhusu sana, na wengi hawaambiwi.

Aliyevimba miguu, asiyeweza kulala bila mito mitatu: aanze na moyo.

Aliyepata shambulio la moyo, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, kichwa, kifua au tumbo hivi karibuni, au aliyewahi kuambiwa pafu limetoboka: aseme mapema, kabla hajabanwa pua. Mara nyingi kipimo husogezwa mbele kwa siku au wiki kadhaa, hakifutwi.

Kuna na kile kidude cha kubana kidoleni, ambacho tangu enzi za korona kila duka la dawa kubwa linacho. Watu hukitumia kama jibu la kila kitu. Kinapima oksijeni kwenye damu, hakipimi njia za hewa. Siku ambayo pumzi ya shangazi ilikuwa asilimia 68, kidole chake kilisoma 95, na angeishia hapo angeambiwa ni uzee.

Vipimo vikubwa zaidi vipo: kukaa ndani ya kibanda cha vioo ili kujua hewa inayobaki kifuani hata baada ya kupuliza yote, au kuvuta mchanganyiko wenye chembe ndogo ya kaboni monoksidi na kuzuia pumzi sekunde 10 ili kujua pafu linapitisha gesi vipi kwenda kwenye damu. Usivifukuzie. Vinahitajika pale spirometa inapoonyesha dumu dogo, au inapotoka safi wakati mtu anahema kwelikweli. Kabla ya kufunga safari ya mbali kwa ajili hiyo, muulize daktari kuhusu kipimo cha kutembea dakika 6: ukumbi wa mita 30, koni mbili na saa. Hakisemi ugonjwa gani, lakini kinaonyesha unavyoishi nao.

Shangazi amejaribu kibomba cha mwanawe mara moja, sebuleni, tukimtazama. Akapata 190, akakirudisha mezani na kusema kimeharibika. Hakijaharibika, ila yeye hakimpi jipya: kesho kitasoma 190, keshokutwa 200. Cha kumfuatilia ni karatasi ya mashine, mwaka hadi mwaka, na anatakiwa kurudi mwezi wa tatu. Karatasi yenyewe ilitoka kwenye kiprinta kidogo cha pembeni ya mashine, ile karatasi laini kama ya risiti ya dukani, na maandishi yake hufifia. Nilipoitoa kwenye mfuko wa rambo alikoichanganya na kadi zake za kliniki, mchoro ulikuwa umeshaanza kupauka pembeni. Nikaipiga picha kwa simu siku hiyohiyo, na nyingine nikamtolea kopi.